Kutoka Masomo ya Kapela hadi Kalasi ya Sita: Ginsi Watoto Wetu Walivyofundishwa Kusoma na Kusimulia kwa Maandishi



Halmashauri ya Yubile iliniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya masomo katika parokia yetu. Walifikiri, nami nilifikiri vile vile, kwamba nitaandika juu ya majengo: mwaka gani matofali yalichomwa, padri gani alileta mabati, vyumba vingapi viliongezwa. Nilianza hivyo. Nikafungua kabati ya parokia, nikatoa vitabu vya ubatizo na vya ndoa, pamoja na makaratasi ya zamani ambamo mapadri wa misioni waliandika mambo ya kila siku. Nikasoma kwa muda wa majuma matatu. Nilipomaliza niliona jambo ambalo sikulitazamia. Katika makaratasi yale yote mwandishi ni padri. Katekista anatajwa: ametumwa mlimani, amerudi, ana homa, ameleta watoto kumi na wawili wa kubatizwa. Lakini yeye mwenyewe hasemi. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa kwa mkono wake, isipokuwa majina na tarehe.

Babu yangu alikuwa mmoja wa watu wale. Alisoma Katekisimu na Injili kwa sauti hadi uzeeni, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza kuliko wangu. Tena alikuwa msimulizi: jioni tulikaa karibu na moto, naye alitupeleka pamoja naye katika kila mto aliouvuka na sanduku la chaki kichwani. Alipokufa, nusu ya safari zile zilizikwa naye, na nusu nyingine sisi wajukuu tunazibishania, kila mtu na namna yake. Basi nikajiuliza: mtu aliyejua kusoma, aliyejua kuandika, aliyejua kusimulia, kwa nini hakuandika kamwe alichokisimulia? Swali hilo ndilo lililogeuza kazi niliyopewa. Wanaotaka habari za mabati watanisamehe.

MASOMO YA KAPELA

Mapadri wa kwanza waliofika upande wa Beni, mwaka wa 1906, walikuwa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, waliotumwa na Mgr Gabriel Grison kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka ule ule Kiti Kitakatifu kilipatana na serikali ya mfalme Leopold: misioni ilipewa shamba la hekta 100 au 200, nayo misioni, panapowezekana, iliahidi kufungua masomo. Mwaka wa 1929 wakaja Mapadri wa Asumpsio. Beni ikatengwa na Stanley Falls mwaka wa 1934, ikawa Vikariati ya Kitume mwaka wa 1938 chini ya Mgr Henri Piérard, kisha jimbo mwaka wa 1959. Kutoka misioni za milimani, kama vile Mulo, Bunyuka na Kyondo, makatekista walitawanyika kila upande, na kila mahali katekista alipojenga kapela, pale pale palikuwa na masomo.

Wazee wanajua ginsi yalivyokuwa. Nyumba ya udongo na majani, magogo ya kukalia, ubao uliopakwa makaa, na kipande cha chuma kilichotundikwa mtini kuwa kengele. Asubuhi sala, kisha Katekisimu, kisha herufi, kisha hesabu kidogo na nyimbo. Mwalimu aliandika a, e, i, o, u. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Watoto waliimba pamoja naye. Na tuseme ukweli: njia ile ilifaulu upesi. Kiswahili kinasaidia sana mwanafunzi wa kwanza, kwa sababu herufi moja ina sauti moja, na karibu kila silabi inaishia kwa vokali. Mtoto mwenye akili ya kawaida, nyuma ya miezi michache, aliweza kusoma neno lolote la kitabu. Kinande ni kigumu zaidi kwa maandishi: kina vokali zaidi ya zile tano za alfabeti, tena toni yake inageuza maana. Mapadri walikijifunza Kinande, wakahubiri nacho. Lakini kwa kusoma, Kiswahili kilitembea mbele, Kiswahili hicho kilicholetwa katika nchi yetu na Waungwana wa misafara ya Maniema, ndiyo sababu kinaitwa Kingwana.

Hapo ndipo penye fundo. Mtoto wa mlimani wa miaka ile, nyumbani kwao hapakusemwa Kiswahili hata kidogo. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kumbe maneno yalipita kinywani kama maji katika mfereji. Nilimsikia mzee mmoja wa kapela ya jirani akikiri kwamba alisoma jibu juu ya neema kwa miaka miwili, akidhani neema ni jina la mama mmoja. Tulicheka sana. Lakini si jambo la kuchekesha tu, kwa maana ugonjwa ule haujatuacha.

Na kuandika? Kuandika kulikuwa kunakili. Mtoto alitazama ubao, akaandika tena juu ya kibao chake maneno yale yale, herufi zikiwa zimesimama vizuri katika mistari. Aliyenakili bila kosa alisifiwa. Hakuna aliyemwomba aandike jambo lililotoka kichwani mwake mwenyewe. Mambo ya kichwani yalikuwa na mahali pake: katika ekyaghanda, mbele ya moto, wazee waliposimulia na vijana wakajaribu kuwaiga. Kwa hiyo mtoto alikuwa na masomo mawili yasiyojuana. Katika kapela alijifunza maandishi yasiyo na masimulizi, na katika ekyaghanda masimulizi yasiyo na maandishi. Babu yangu aliishi katika nyumba hizo mbili maisha yake yote, na hakuna aliyemwonyesha mlango wa kati.

Sisemi haya ili kuwalaumu wamisionari. Wao walitafuta Wakristu watakaojua wanachokisadiki. Serikali ilitafuta makarani, wauguzi na wafanyakazi. Na wazazi wengi walitafuta mtoto arudi mapema achunge mbuzi. Katika wote hao, nani angeomba masimulizi ya mtoto?

Kulikuwa na mlango mdogo mmoja, nao ni barua. Vijana walipokwenda kazini katika machimbo na mashamba ya Wazungu, wazazi walikuja kwa katekista jioni, wakiwa na yai au mhogo mkononi, wamwambie maneno ya kuandika. Barua ilianza kwa salamu ndefu na kwa kusema kwamba sisi huku tuko salama. Kisha, kama kwa bahati, habari yenyewe: ng'ombe amekufa, dada ameolewa, mvua imebomoa nyumba. Katika mistari ile minne au mitano mtu wetu alisimulia kwa maandishi. Nasikitika kwamba barua zile zilikwenda mbali, na waliozipokea hawakuzitunza.

KALASI YA SITA INAZALIWA

Watoto wanaofanya mtihani wa kalasi ya sita leo wanafikiri kalasi hiyo iliumbwa pamoja na milima. Sivyo. Katika mpango wa serikali wa mwaka wa 1929, masomo ya msingi kwa kawaida yalikuwa na daraja mbili: ya kwanza ya miaka 2, iliyofanyika vijijini, na ya pili ya miaka 3, iliyofanyika misioni. Jumla miaka 5. Ni mpango wa mwaka wa 1948 uliogawa daraja ya pili: wengi walifuata njia ya kawaida ya miaka 3, yenye kazi nyingi za mikono, na wachache waliochaguliwa walifuata njia ya miaka 4, yenye Kifaransa kingi, ili wakaendelee mbele. Ndivyo kalasi ya sita ilivyozaliwa, nayo ilizaliwa kuwa chujio. Alama hiyo imebaki usoni pake hata leo: mwalimu wa kalasi ya sita anafikiri kwanza juu ya mtihani, kisha juu ya mtoto.

Wasichana walifika kwa kuchelewa. Masista Waoblate wa Asumpsio, na baadaye Masista Wadogo wa Kutolewa kwa Bikira Maria Hekaluni ambao Mgr Piérard aliwaanzisha, walifanya kazi kubwa hapo, na ningependa mtu mwingine aiandike vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 mpango mpya wa taifa ulitaka Kifaransa kiwe lugha ya mafundisho tangu kalasi ya kwanza, katika nchi nzima. Tunaelewa nia yake: watu walikuwa wameona kwamba Wazungu walijiwekea Kifaransa kizuri, nao walitaka watoto wao wasibaki nyuma. Nyuma ya mwaka wa 1974 lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili, zilirudishwa katika kalasi za chini. Kwa hiyo mtoto wa Butembo leo anasema Kinande kwa mama yake, anaanza kusoma kwa Kiswahili, kisha anahamishwa katika Kifaransa, na kalasi ya tano inamkuta akiwa amesimama katikati ya daraja hilo, mkono mmoja huku na mwingine huko. Tanzania, tangu mwaka wa 1967, iliamua kwamba masomo ya msingi ya serikali yatafundishwa kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tulichagua njia nyingine, nayo ina faida zake. Lakini sherti tujue bei tunayoilipa, na anayeilipa ni mtoto wa miaka kumi na moja.

Mambo ya miaka iliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa mwaka wa 1974 serikali ilichukua masomo yote ya Kanisa, na somo la dini likaondolewa. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 usimamizi ulirudishwa kwa makanisa. Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu mwaka wa 1966 hadi alipokwenda Bukavu mwaka wa 1997, aliwazoeza watu kujijengea wenyewe pasipo kungoja serikali, na mwaka wa 1989 Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa Butembo. Kisha ikaja miaka ya 1990, ambapo serikali haikulipa tena waalimu inavyofaa na wazazi wakachukua mzigo, hata mwaka wa 2019 ilipotangazwa kwamba masomo ya msingi ya serikali ni bure. Kalasi zilijaa. Nimeona kalasi ya tano ya watoto zaidi ya themanini na vitabu vitatu vya kusoma.

REDAKSIO

Sasa nifike ndani ya kalasi, kwa maana historia ya mafundisho haiko katika amri za serikali peke yake.

Somo la kuandika masimulizi tuliliita redaksio, kwa Kifaransa. Nilikuwa kalasi ya tano karibu na mwaka wa 1990, katika masomo ambayo sitayataja. Mwalimu aliandika kichwa juu ya ubao: siku ya mvua kubwa. Chini yake aliandika sehemu tatu: utangulizi, maelezo, hitimisho. Kisha akatupa sentensi zilizo tayari za Kifaransa: mawingu meusi yanafunika anga, radi inanguruma, watu wanakimbia huku na huku, mwishoni jua linarudi na kila mtu anafurahi. Kazi yetu ilikuwa kuzipanga bila kosa. Sasa, juma lile lile mvua ilikuwa imebeba jiko letu, pamoja na kuku watatu na sufuria ya mama, na nilisimama mlangoni usiku na taa nikitazama ukuta ukiyeyuka kama sabuni. Sikuandika neno hata moja juu ya ukuta ule. Niliandika kwamba jua lilirudi na kila mtu alifurahi. Nikapata 8 juu ya 10.

Katika kalasi ile kulikuwa pia na alama ya mti iliyovishwa shingoni mwa mtoto aliyesema Kinande au Kiswahili uani. Nilivaa alama hiyo mara nyingi. Niliyojifunza nayo si Kifaransa, nilijifunza kunyamaza.

Kwa kusoma, mambo yalikuwa namna hiyo hiyo. Mwalimu alisoma kwa sauti, sisi tukarudia pamoja, kisha mmoja mmoja. Kisha maswali: nani alikwenda sokoni? Tulitafuta mstari wenye neno soko, tukaunakili. Mtoto aliweza kujibu maswali kumi sawasawa bila kujua hadithi inahusu nini. (Kitabu kimoja kilitueleza theluji kama ajabu ya nchi za mbali. Hakuna aliyekumbuka kutupeleka asubuhi, mawingu yanapoondoka, tuitazame juu ya Ruwenzori.)

Aliyenifungulia ule mlango wa kati ni padri mmoja wa seminari ndogo, huko Musienene, mzee mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alitupa vitabu, akasema tusome kimya kwa nusu saa. Sikujua kwamba inawezekana kusoma kimya, nilisogeza midomo. Nilipomletea redaksio yangu ya kwanza, yenye mawingu meusi na jua linalorudi, aliisoma, akaniuliza: «Ulikuwako?» Nikasema nilikuwako. Akaniuliza: «Uliona nini?» Nikamweleza ukuta. Akanirudishia karatasi pasipo alama, akasema niandike ule ukuta. Kila nilipofika mwisho wa sentensi alisema neno moja: «Na kisha?» Sikuwa padri, kama mnavyoona. Lakini neno hilo ndilo ninalolitumia kila siku ya posho hadi leo.

BARBIANA

Mapadri wageni wetu watanisaidia hapa, maana wengi wamekwisha kusikia jina la Padri Lorenzo Milani. Alikuwa padri wa jimbo la Firenze, Italia, na mwishoni mwa mwaka wa 1954 alitumwa katika parokia ndogo sana ya mlimani inayoitwa Barbiana. Alikuta huko watoto wa wakulima waliotupwa na masomo ya serikali. Akawafanyia masomo nyumbani mwake. Mwaka wa 1967, mwezi mmoja tu mbele ya kifo chake, vijana wanane wa Barbiana walitoa kitabu walichokiandika pamoja, barua kwa mwalimu wa kike, wakimweleza ginsi masomo yanavyowatunza wenye afya na kuwafukuza wagonjwa. Kitabu kilizunguka dunia. Papa Fransisko alikwenda kusali kaburini pa Padri Milani mwaka wa 2017.

Lakini kinachonivuta mimi ni ufundi wao. Kila mmoja alikuwa na karatasi ndogo mfukoni, akaandika kila wazo lililomjia, wazo moja karatasi moja. Siku ya kazi walikusanya karatasi zote juu ya meza, wakaondoa zinazofanana, wakapanga mafungu, na kila fungu likawa sehemu. Kisha walisoma pamoja wakafuta: neno lisilo na kazi, neno gumu, sentensi yenye mambo mawili. Milani aliwaambia kwamba kuandika ni ufundi, nao unafundishika. Nami nasadiki hivyo. Katika nchi yetu tunasema mtoto huyu ana kipaji, yule hana, tukaishia hapo. Hakuna fundi wa mbao anayesema hivyo kwa mwanafunzi wake mbele ya kumpa randa.

Tulianza siku za posho katika chumba cha katekesi, watoto wa kalasi ya tano na ya sita, masaa mawili. Karatasi ndogo hatukununua: tunakata nyuma ya matangazo ya zamani ya misa. Kila tukio karatasi moja. Mtoto anapanga karatasi chini sakafuni, anatembea juu ya habari yake, anaona mahali penye shimo.

Mbele ya kuandika, anasimulia kwa mdomo kwa mwenzake, kwa lugha anayoitaka, na mwenzake ana ruhusa ya maneno mawili tu: «Na kisha?» na «Sijaona.» Ukisikia «Sijaona», sherti uongeze kitu cha kuonekana. Kisha anaandika kwa Kiswahili, na mwisho, wakiwa wawili wawili, wanapeleka habari katika Kifaransa. Waalimu wengine walinipinga, wakisema mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi unafanyika kwa Kifaransa na mimi ninapoteza saa za watoto wao. Sina takwimu ya kuwaonyesha. Ninalojua ni kwamba mtoto asiye na jambo la kusema, Kifaransa hakitampa.

Kwa kusoma tunatumia Injili, kwa sababu ndicho kitabu ambacho karibu kila nyumba inacho. Mfano wa mwana mpotevu, katika Luka sura ya 15, tuliusoma kwa siku tatu za posho. Niliwauliza: anayesimulia ametuambia nini na amenyamaza juu ya nini? Mtoto mmoja aliona kwamba hakuna hata mtu mmoja mwenye jina. Mwingine aliona kwamba mama hayumo. Siku ya tatu msichana wa kalasi ya sita aliinua mkono akasema: «Baba katekista, hawakutuambia kama kaka mkubwa aliingia ndani.» Nimefundisha mfano ule kwa miaka kumi na tano, nikafanya nao semina za wakatekumeni, na sikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho ya msimulizi. Walijadili hata kengele ya saa sita ikalia.

KOSA LANGU

Sherti niandike pia jambo hili.

Tangu Oktoba 2014 upande wa Beni umeona mauaji ambayo ninyi nyote mnayajua, na sitayarudia katika kitabu cha sikukuu. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukaendelea katika Beni, Butembo na kandokando hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu 2,287 katika watu 3,470 walioupata. Watoto wa wakimbizi walijaa katika masomo yetu, na wengine walikuja katika chumba cha katekesi.

Mwaka wa 2019 alikuja msichana mmoja, umri wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimetoa kichwa: safari. Aliandika sentensi tano. Tulitembea. Mama alimbeba mtoto. Mimi nilibeba sufuria. Ndani ya sufuria kulikuwa na maharagwe. Hatukuikula.

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha neno la mwisho, nikaandika «hatukuyakula», kwa maana maharagwe si sufuria. Chini nikaandika kwamba hitimisho halipo. Mimi, niliyeficha ukuta wangu nyuma ya mawingu meusi, nilifanya vile vile nilivyofanyiwa, na nilikwenda zangu nyumbani nikiwa na amani.

Juma lililofuata nilimwomba asome kwa sauti, ili wengine waone sahihisho. Alisoma. Kijana mmoja aliyekaa karibu naye, ambaye hakujua kitu juu ya hitimisho, alimwuliza tu: «Kwa nini hamkuyakula?» Akajibu: «Yalikuwa mabichi. Hatukuwasha moto. Moshi unaonekana mbali.» Kijana akasema: «Na kisha?» Naye akaendelea kusema, polepole, karibu nusu saa, na chumba chote kilinyamaza. Alipomaliza alichukua karatasi ndogo, akaanza kuandika bila kuombwa na mtu. Habari yake ilifika karatasi kumi na saba. Moja tu nitaitaja: usiku wa tatu walichemsha maharagwe yale nyumbani kwa watu wasiowajua, huko Butembo, na mama yake aliomba sufuria ifunikwe ili yasiishe haraka.

Toka siku ile kalamu nyekundu haiingii katika chumba kile mbele ya masomo ya tatu. Mara ya kwanza tunasoma kwa kusikia, mara ya pili kwa kuuliza, mara ya tatu kwa sarufi. Sarufi haijaachwa, wapadri wapendwa wasiwe na hofu; tunaipigania sana. Imewekwa tu mahali pake katika mstari. Tena hatumlazimishi mtoto kuandika juu ya vita. Wengi hawapendi, nao wana haki. Wanaandika juu ya chukudu iliyokosa breki, juu ya nyanya aliyeuza vitunguu bandia kwa askari, juu ya mbuzi aliyekula kaiye ya mwalimu, na hizo zinasomwa kwa kicheko kikubwa.

KABATI

Niliwaambia kwamba katika kabati ya parokia hakuna ukurasa wa katekista. Jambo hilo nililipeleka kwa Padri Paroko, tukakubaliana hivi: rafu ya chini, kando ya vitabu vya ubatizo, imetolewa kwa kaiye za watoto. Mtoto anaweka kaiye akitaka mwenyewe, na mzazi au mlezi wake anakubali. Asiyetaka jina lake, jina halitiwi. Anayetaka kuirudisha nyumbani anairudisha. Zimefika kaiye 41. Mbili ni za Kinande tupu, nazo nimezipokea kwa furaha kuliko nyingine, ingawa kuzisoma kunanipa kazi.

Wazee watatu wa mashirika, wanaokumbuka masomo ya kapela, wamekuja pia kusimulia, na watoto wa kalasi ya sita wameandika wanayoyasema, wakiwauliza «na kisha?» bila haya. Mzee wa neema ni mmoja wao. Amesimulia habari ya kengele ya chuma na ya mwalimu wake, ambaye nimetambua, kwa miwani iliyofungwa kwa uzi, kwamba ni babu yangu. Sikuwa nimesikia kamwe habari hiyo.

Tunatafuta sanduku la bati lenye kufuli, kwa sababu mchwa wamekwisha kula kona ya kaiye mbili. Mwenye nalo amwone sakristani.